Joseph Louis Gay-Lussac na Shaka ya Kipimo

Katika makala haya tunakusudia kueleza maisha ya Joseph Louis Gay-Lussac, mwanasayansi wa Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1778 na kufariki mwaka 1850. Vitabu vya shule humtaja kwa sababu ya kanuni zake za gesi. Sisi tumemchagua kwa sababu nyingine. Yeye ni miongoni mwa watu walioifanya titresheni kuwa kazi ya kuaminika, yaani kupima kiasi cha kitu kilichomo katika mmumunyo kwa kuongeza, kidogo kidogo, mmumunyo mwingine ambao nguvu yake inajulikana. Tena alionyesha kwa vitendo kwamba kila kipimo kina mpaka wa uhakika wake, na kwamba mpimaji hana budi kuutaja mpaka huo.

Huenda mwalimu mwanafunzi akauliza: haya yananihusu nini mimi nitakayefundisha shule ya msingi, mahali pasipo na bureti wala asidi? Yanamhusu sana. Katika madarasa ya chini ndipo mtoto anaposhika rula na mizani kwa mara ya kwanza, na ndipo anapojifunza ama kuandika alichokiona, ama kuandika anachodhani mwalimu anakitaka.

Malezi na masomo

Gay-Lussac alizaliwa tarehe 6 Desemba 1778 katika mji mdogo wa Saint-Léonard-de-Noblat, katikati ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mwanasheria aliyetumikia serikali ya mfalme. Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza mwaka 1789 mtoto alikuwa na umri wa miaka 10, na katika misukosuko iliyofuata baba yake alitiwa kizuizini. Masomo ya kijana yakavurugika. Baadaye alipelekwa Paris, na mwishoni mwa mwaka 1797 akafaulu kuingia katika chuo cha École Polytechnique, kilichokuwa kimeanzishwa miaka michache tu kabla ya hapo.

Huko alikutana na mwalimu ambaye walimu wote wafaa kumkumbuka. Huyu ni Claude Louis Berthollet, mwanakemia mwenye sifa kubwa, ambaye wakati huo alikuwa katika mabishano makali na wenzake. Inasimuliwa kwamba alimpa kijana kazi ya kufanya majaribio, akitaraji kwamba matokeo yangethibitisha mawazo yake. Matokeo yakawa kinyume kabisa. Kijana hakuyabadili wala hakuyaficha. Aliyaleta kama yalivyokuwa. Berthollet hakukasirika. Alifurahi kwamba amempata mtu anayeweza kuaminiwa, akamchukua kuwa msaidizi wake na kumfungulia maabara yake ya Arcueil, karibu na Paris.

Tunaomba msomaji atulie kidogo juu ya kisa hiki. Lau mwalimu yule angalimkaripia kijana kwa kuleta jibu lisilotakiwa, yumkini kijana angalijifunza somo jingine, nalo ni kwamba kazi ya mwanafunzi ni kumpendeza mkubwa wake.

Hewa, puto na namba

Mwaka 1802 Gay-Lussac alitangaza kwamba gesi zote alizozipima hutanuka kwa kiasi kile kile zinapopashwa moto sawasawa. Alikiri waziwazi kwamba Jacques Charles alikuwa ameligundua jambo hilo miaka kama 15 kabla yake bila kulichapisha.

Mwaka 1804 alipanda angani kwa puto mara mbili ili kuchunguza hewa ya juu na nguvu ya sumaku. Mara ya kwanza, tarehe 24 Agosti, alikwenda pamoja na Jean-Baptiste Biot. Mara ya pili, tarehe 16 Septemba, alikwenda peke yake, akafika mahali palipohesabiwa kuwa mita 7016. Alijaza hewa ya huko katika chupa, na alipoipima chini aliona kwamba mchanganyiko wake haukutofautiana na ule wa hewa ya Paris.

Namba hii ya mita 7016 inafaa kuwa mfano darasani. Haikupimwa kwa kamba. Ilihesabiwa kutokana na kanieneo ya hewa iliyosomwa katika baromita ndani ya kikapu kinachoyumba. Kwa hiyo tarakimu za mwanzo zinatuambia habari kubwa, ila ile 6 ya mwisho haituambii mengi. Hesabu huweza kutoa tarakimu nyingi kupita zile ambazo chombo kiliziona.

Katika miaka hiyo alifanya urafiki na Alexander von Humboldt, mpelelezi mashuhuri wa Ujerumani. Urafiki huo ulianza kwa lawama, kwani Gay-Lussac alikuwa ameshutumu vikali vipimo vya hewa vya Humboldt. Humboldt aliikubali lawama, akataka wafanye kazi pamoja. Mwaka 1805 walionyesha kwamba oksijeni inahitaji haidrojeni mara mbili ya ujazo wake ili kufanya maji. Kipimo chao kilitoa ujazo 199.89 wa haidrojeni kwa 100 wa oksijeni. Waliona kwamba tofauti kati ya namba hiyo na 200 ni ndogo kuliko shaka ya kipimo chenyewe, wakaihesabu kuwa 200. Mwaka 1808 Gay-Lussac alitangaza kanuni kwamba gesi huungana kwa ujazo wenye uwiano wa namba ndogo kamili. Kanuni hiyo isingeweza kuonekana na mtu asiyejua kupambanua tofauti yenye maana na tofauti inayotokana na chombo tu.

Mwaka huo huo wa 1808, akishughulika na potasiamu, mlipuko ulimjeruhi macho, nayo hayakurudia nguvu zake zote. Hata hivyo aliendelea. Pamoja na Louis Jacques Thenard alitenga elementi ya boroni, na baadaye akachunguza iodini na sianojeni. Mwaka 1809 alimwoa Geneviève Rojot, aliyekuwa akifanya kazi katika duka la vitambaa. Yasemekana kwamba kilichomvutia ni kumwona akisoma kitabu cha kemia katikati ya kazi yake. Alifundisha kwa miaka mingi katika École Polytechnique na katika Chuo Kikuu cha Paris. Miongoni mwa waliofanya kazi katika maabara yake ni kijana Justus Liebig, ambaye kuanzia mwaka 1824 alijenga huko Giessen, Ujerumani, mojawapo ya maabara za kufundishia zilizopata sifa kubwa.

Kazi ya titresheni

Viwanda vya Ufaransa vilikuwa vikinunua dawa za kupaushia nguo na magadi yatokanayo na majivu ya miti, na wanunuzi walitaka kujua kama thamani yake ni ya kweli. François Descroizilles alikuwa amekwisha kubuni chombo cha kupimia vitu hivyo. Gay-Lussac aliifuata njia hiyo na kuiboresha. Mwaka 1824 alieleza namna ya kupima nguvu ya klorini kwa rangi ya nili, akatumia katika maandishi yake majina ya bureti na pipeti ambayo tunayo hata leo. Mwaka 1828 alieleza upimaji wa magadi ya majivu kwa asidi, litimasi ikiwa kionyeshi. Baadaye aliona kwamba nili si mashahidi wa kutegemewa, na mwaka 1835 akaiacha, akaweka mahali pake dawa ya aseniki na nyinginezo. Hakuona haya kuibadili njia yake mwenyewe.

Kazi yake kubwa zaidi katika fani hii ilihusu sarafu. Katika lugha yetu neno fedha ni jina la madini na ni jina la mali. Huko Ufaransa nako wakati ule mambo hayo mawili yalikuwa karibu kitu kimoja. Sheria ilitaka sarafu ya fedha iwe na sehemu 900 za fedha safi katika kila 1000, zilizobaki zikiwa shaba. Iliruhusu upungufu au ziada ya sehemu 3 tu, yaani kutoka 897 hadi 903.

Kwa karne nyingi wapimaji waliyeyusha kipande cha sarafu pamoja na risasi katika kikombe cha majivu ya mifupa. Risasi na shaba zilinywewa na kikombe, ikabaki tembe ya fedha ambayo iliwekwa katika mizani. Mafundi walikuwa hodari, na majibu yao yalikaribiana. Lakini kila mara fedha kidogo ilipotea, nyingine kwa mvuke na nyingine kwa kunywewa na kikombe. Kwa sarafu ya 900, upungufu ulikuwa kama sehemu 4 katika 1000. Basi kosa la kipimo lilikuwa kubwa kuliko ruhusa ya sheria. Sarafu halali ingeweza kuonekana kuwa hafifu, na fundi mwaminifu angeweza kushutumiwa. Katika shehena ya kilo 1000, sehemu 4 ni kilo 4 za fedha zinazopotea katika hesabu bila mwizi.

Gay-Lussac alikuwa ameteuliwa mwaka 1829 kuwa mpimaji mkuu katika kiwanda cha sarafu cha Paris. Mwaka 1832 alichapisha maelezo ya njia mpya. Badala ya moto alitumia maji ya chumvi. Fedha ikimumunyishwa katika asidi ya nitriki, kisha ikatiwa chumvi, hutokea mashapo meupe ya kloridi ya fedha. Alitengeneza mmumunyo wa chumvi ambao sentimita za ujazo 100 zake hushusha gramu 1 kamili ya fedha. Kisha akauzimua mara 10, hivi kwamba sentimita ya ujazo 1 hushusha miligramu 1 tu.

Mpimaji alichukua kipande kinachokadiriwa kuwa na fedha kupita gramu 1 kidogo, akatia kwa pipeti sentimita 100 za mmumunyo wa kwanza, akaitikisa chupa kwa nguvu mpaka maji yatakate. Halafu alitia sentimita 1 ya mmumunyo mwepesi. Ukungu mweupe ukionekana, fedha bado ipo. Alitikisa tena, akatia nyingine, mpaka sentimita ya mwisho isilete ukungu wowote.

Hapa ndipo hekima yake ilipo. Sentimita ya mwisho, isiyoleta ukungu, haikuhesabiwa. Ile iliyoitangulia ilihesabiwa nusu. Kwa nini? Kwa sababu ilipoleta ukungu tulijua kwamba fedha ilikuwapo, lakini hatukujua kama sentimita nzima ilitumika au sehemu yake ndogo tu. Jibu la haki ni la katikati, na shaka ni nusu kwenda juu na nusu kwenda chini. Gay-Lussac hakujifanya anajua zaidi ya alichokiona, wala hakukitupa alichokijua.

Tuchukue mfano wetu. Kipande kina uzito wa gramu 1.115. Baada ya sentimita 100 za kwanza, sentimita nne za mmumunyo mwepesi zinaleta ukungu, na ya tano hailetei. Tunahesabu tatu na nusu, yaani miligramu 3.5. Fedha yote ni gramu 1.0035. Tukigawanya kwa 1.115 tunapata 0.900, yaani sehemu 900 katika 1000. Shaka ya nusu miligramu, ikigawanywa kwa 1.115, ni kama nusu ya sehemu moja katika 1000. Sasa kipimo ni kizuri kuliko ruhusa ya sheria, na sheria inaweza kutekelezwa kwa haki.

Hakusahau joto. Yeye aliyepima utanukaji wa gesi alijua kwamba mmumunyo nao hutanuka. Karibu na nyuzi 20 za Selsiasi, maji huongezeka ujazo kama sehemu 2 katika 10,000 kwa kila nyuzi moja. Tofauti ya nyuzi 5 baina ya siku ya baridi na siku ya joto hufanya sehemu 1 katika 1000, ambayo ni mara mbili ya shaka ile ya nusu miligramu. Kwa hiyo aliandaa majedwali ya kusahihisha kipimo kwa kadiri ya joto.

Kosa lisiloonekana kwa kurudia

Tusimfanye Gay-Lussac mtu asiyekosea. Katika kazi yake ya mwaka 1802 alisema kwamba gesi ikipashwa kutoka nyuzi 0 hadi 100 huongezeka sehemu 375 katika kila 1000 za ujazo wake. Vipimo vyake vilikubaliana vizuri, na kwa zaidi ya miaka 30 wanasayansi waliipokea namba hiyo. Baadaye Fredrik Rudberg wa Uswidi, na katika miaka ya 1840 Henri Victor Regnault na Heinrich Gustav Magnus, walionyesha kwamba namba sahihi ni karibu na 366. Vilevile, mwishoni mwa miaka ya 1850, Gerardus Johannes Mulder wa Uholanzi alionyesha kwamba kloridi ya fedha humumunyika kidogo sana, na kwamba kwa sababu hiyo hata mwisho wa titresheni ya fedha una utata wake.

Basi makosa ni ya namna mbili. Liko kosa linalorukaruka, mara juu mara chini, ambalo hupungua tukirudia kipimo na kuchukua wastani. Na liko kosa linaloelemea upande mmoja, kama lile la kikombe cha mifupa, ambalo halipungui hata tukirudia mara mia. La pili hugunduliwa kwa kupima kwa njia tofauti kabisa. Majibu yanayokubaliana ni dalili ya mkono mtulivu. Ukweli wa jibu wahitaji ushahidi mwingine.

Namna ya kuhesabu shaka

Wanachuo wanaofanya titresheni chuoni wanaweza kufuata hatua hizi. Tuseme tumeweka kwa pipeti mililita 25.00 za mmumunyo wa soda kali, na bureti ina asidi ya hidrokloriki ya moli 0.100 kwa lita. Bureti imegawanywa kwa sehemu za mililita 0.1, nasi tunasoma hadi nusu ya sehemu, hivyo kila usomaji una shaka ya 0.05. Tunasoma mara mbili, mwanzo na mwisho, kwa hiyo shaka zote mbili zimo. Shaka hizo hazitegemeani, na si kawaida zote kuelemea upande mmoja. Kwa hiyo tunazidisha kila moja kwa yenyewe, tunajumlisha, na kutafuta kipeo cha pili. Tunapata 0.07.

Ikiwa asidi iliyotumika ni mililita 24.60, shaka ya bureti ni kama asilimia 0.28. Ikiwa pipeti ina shaka ya mililita 0.06, hiyo ni asilimia 0.24. Ikiwa nguvu ya asidi inajulikana kwa shaka ya 0.0005, hiyo ni asilimia 0.5. Tukiziunganisha kwa njia ile ile tunapata kama asilimia 0.6. Nguvu ya soda ni 0.100 mara 24.60 gawanya kwa 25.00, yaani 0.0984. Asilimia 0.6 yake ni 0.0006. Basi jibu letu ni moli 0.0984 kwa lita, zaidi au pungufu 0.0006.

Jibu hili linafundisha mengi. Kwanza, kuandika 0.09840 ni kudai uhakika tusio nao. Pili, sehemu kubwa ya shaka inatoka katika nguvu ya asidi. Anayetaka kipimo bora aanze kuirekebisha hiyo, si kukodolea macho bureti. Tatu, kama tungetumia mililita 5 tu, shaka ile ile ya 0.07 ingekuwa asilimia 1.4. Ndiyo maana tunashauriwa kupanga jaribio ili bureti itoe kiasi kikubwa cha kutosha.

Darasani

Katika shule ya msingi hatutafundisha vipeo vya pili vya shaka. Tutafundisha tabia. Kila mwanafunzi apime urefu wa dawati moja, mmoja baada ya mwingine, bila kuona jibu la mwenzake. Majibu yote yaandikwe ubaoni, pamoja na yale yaliyo mbali na mengine. Kisha darasa lijadili: kwa nini tumetofautiana? Je, rula imechakaa pembeni? Je, tulisoma kwa kuinamia upande? Jibu gani la kati linatufaa, na limezungukwa na tofauti ya kiasi gani?

Kwa madarasa ya juu, titresheni yaweza kufanywa kwa vitu vya nyumbani. Maji ya majivu yaliyochujwa yana magadi ya namna ile ile aliyoipima Gay-Lussac mwaka 1828. Maji ya ndimu ni asidi, na maji ya choya, ambayo wengine huiita rozela, huwa mekundu katika asidi na hubadilika rangi katika magadi. Bomba la sindano lisilo na sindano laweza kuwa bureti. Wanafunzi wahesabu mililita za ndimu zinazorudisha wekundu, warudie mara tatu, waandike zote tatu. Mwalimu awalinde macho yao, kwani maji ya majivu huunguza, na tumekwisha ona yaliyompata Gay-Lussac.

Lililo kubwa ni namna mwalimu anavyopokea majibu. Mtoto akileta mililita 9.6 wakati wenzake wameleta 9, asiwekewe alama ya kosa papo hapo. Aulizwe alivyofanya, kisha apime tena mbele ya wenzake. Mwalimu akizoea kuadhibu namba isiyolingana na ile ya kitabu, katika muda mfupi namba zote za darasa zitalingana, na hapatakuwa na hata moja iliyopimwa. Watoto hao ndio watakaokuja kupima dawa hospitalini, mbolea shambani na mazao sokoni.

Gay-Lussac alifariki Paris tarehe 9 Mei 1850, akiwa na umri wa miaka 71, akazikwa katika makaburi ya Père Lachaise. Njia yake ya kupima fedha kwa maji ya chumvi iliendelea kutumika katika viwanda vya sarafu vya nchi nyingi. Tunapendekeza kwamba kila mwanachuo, kabla hajaenda kufanya mazoezi ya kufundisha, alijaribu somo la dawati pamoja na wenzake chuoni, aandike majibu yote, na ajiulize yeye mwenyewe angetangaza urefu gani, na kwa shaka ya kiasi gani.